Mtoto wa Naruto Amekosa Nini?

Wachapishaji wa Tokyo wakihesabu masoko yao, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, haimo. Kutoka Mocímboa da Praia hadi Palma, na kutoka Palma hadi Quionga karibu na mdomo wa Ruvuma, vijana hawakumjua Naruto, shujaa wa katuni za Kijapani, kwa kununua kitabu. Walimjua kwa kadi za kumbukumbu za simu zinazopita mkono kwa mkono, maandishi ya Kireno chini ya picha. Alifika, akakaa. Mwanawe Boruto amefika kwa njia hiyohiyo, ila yeye ni mgeni wa kuchungulia na kuondoka. Na huko Japani, ambako kila nakala inahesabiwa, habari ni ileile: baba aliuza mno, mwana anauza kwa taabu.

Ni swali la watoto, utasema. Lakini lipeleke mbele ya watu wazima uone kama hawatalibishania kwa jazba ambayo pwani hii huziwekea timu za Simba na Benfica. Nimewaketisha wanne kwenye baraza la kubuni mjini Palma: fundi simu mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, mwalimu wa historia, mzee aliyepigana vita vya ukombozi, na mama anayechuuza bidhaa za Mtwara. Majina hawana, hoja wanazo.

FUNDI: Tuanze na baba, Mzee asije akapotea njiani. Naruto ni yatima. Siku aliyozaliwa, mbweha mwenye mikia tisa alikishambulia kijiji, na ili kijiji kipone mbweha akafungiwa tumboni mwa mtoto. Watu wazima wakawa wanamkwepa, na watoto wao wakafuata. Yeye kazi yake kupiga kelele kwamba ipo siku atakuwa Hokage, mkuu wa kijiji kizima. Masashi Kishimoto alianza kumchora 1999 katika jarida la Shonen Jump, akamaliza Novemba 2014. Sura 700, vitabu 72.

MAMA: Vikauzwa vingapi?

FUNDI: Dunia nzima, zaidi ya nakala milioni 250.

MAMA: Gawa kwa 72. Kama milioni tatu na nusu kila kitabu. Haya, na mtoto?

FUNDI: Boruto alianza Mei 2016. Si kwamba amelala njaa, mama, naye ana mamilioni yake. Ila ukichukua kitabu kwa kitabu, hamfikii baba hata kiunoni.

MZEE: Huyo Naruto, huo ukuu aliupata?

FUNDI: Aliupata. Hadithi ya Boruto inapoanza, yeye ndiye Hokage wa saba. Anakesha ofisini na makaratasi, na mwanawe amenuna kwa sababu baba harudi nyumbani.

MZEE: Basi mbona jibu mnalo? Mimi nilivuka Ruvuma nikiwa kijana, nikafunzwa Nachingwea. Viatu vya kugawana. Tulipoingia vijijini watu walitaka kujua tumelala wapi, tumekula nini, nani hakurudi. Baada ya uhuru wenzangu wengine walipewa meza. Sijamwona mtu hata mmoja akikaa mkekani kusikiliza jinsi fulani alivyotia saini. Wajukuu wangu wakiniomba hadithi, wanataka ya kabla ya 1975. Ya baadaye hawaitaki. Siwalaumu. Hata mimi siitaki.

MWALIMU: Mzee anazungumzia njaa, na kweli ipo. Naruto alitaka kitu. Boruto kazaliwa nacho: baba mkuu wa kijiji, mama wa ukoo wa heshima, jina kubwa. Balaa lake la kwanza la maana ni kukamatwa akitumia kifaa cha kudanganyia kwenye mtihani.

MZEE: Mtihani!

Hoja ya Mzee ni nzuri, na uzuri wake ndio unaonitia wasiwasi. Inamfaa kila mtu mwenye kinyongo na kizazi kinachomfuata, na hoja inayomfaa kila mtu inafaa ipekuliwe mifuko. Mama anampekua.

MAMA: Mzee wangu, nilipokuwa mdogo nilikuona na vitabu vya Mtwara. Vile vyenye bastola juu ya jalada.

MZEE: Vya Willy Gamba. Elvis Musiba huyo. Nilianza na Kufa na Kupona, kile cha 1974, kisha Kikosi cha Kisasi. Nilivisoma hadi vikaachia kurasa.

MAMA: Willy Gamba alikuwa na njaa?

MZEE: Alikuwa na suti.

MAMA: Na hoteli, na magari, na pesa ya serikali. Na ulimnunua.

MZEE: Nilimnunua.

MWALIMU: Ongeza Bwana Msa wa Zanzibar. Muhammed Said Abdulla alimtoa na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akaendelea naye, na mwaka 1976 bado yupo, katika Mwana wa Yungi Hulewa. Mtu wa kiko na kufikiri, hana shida ya kesho. Miaka kumi na sita! Kwa hiyo shibe haimuui shujaa. Labda kinachomuua ni kuzeeshwa. Bwana Msa hakupandishwa cheo. Willy Gamba hakuachia mwanawe bastola. Kila kitabu unamkuta palepale ulipomwacha.

FUNDI: Naruto hawezi kuwa hivyo, mwalimu. Nilipoanza kumtazama tulikuwa rika moja. Kila nilipokua, alikua. Angebaki na miaka kumi na miwili mimi nikiota ndevu, ningemwacha. Alipooa, akapata watoto, akapata cheo, nilisema alhamdulillahi, tumemaliza. Halafu wananiambia rudi, tuanze upya na mtoto.

MZEE: Sisi tulikuwa na Xiconhoca. Mwamkumbuka? Yule adui wa kwenye mabango ya chama cha Frelimo, mlevi, mficha bidhaa, mtu wa kuringa nyuma ya meza. Huyo hakuhitaji mwendelezo. Watoto wake wamejaa maofisini.

Hapo baraza linacheka muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili, na Fundi anatumia nafasi hiyo kuleta hoja yake.

FUNDI: Mimi nasema ni mkono. Boruto haikuandikwa na Kishimoto. Mwanzoni mwandishi alikuwa Ukyo Kodachi, mchoraji Mikio Ikemoto, ambaye zamani alikuwa msaidizi wa Kishimoto. Mashabiki tulijua tangu ukurasa wa kwanza. Sura hazina ucheshi ule.

MWALIMU: Lakini Kishimoto alirudi.

FUNDI: Alirudi Novemba 2020, akashika uandishi kuanzia sura ya 52.

MWALIMU: Na mauzo yakarudi kule yalikokuwa?

FUNDI: Hayakurudi.

Mkono una uzito, sikatai, lakini hoja hii inabeba mzigo mkubwa kuliko nguvu zake. Kishimoto mwenyewe, baada ya Naruto, aliandika hadithi mpya kabisa, Samurai 8, iliyochorwa na Akira Okubo. Ilianza Mei 2019 na kufungwa Machi 2020 baada ya sura 43. Jina lilikuwa lilelile lililouza milioni 250. Na upande wetu wa Ruvuma, wasomaji wa jarida la Sani la Dar es Salaam waliwahi kuachwa na mkono waliouzoea: Philip Ndunguru, aliyewapa akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa sura zao, alifariki mwaka 1986 akiwa kijana. Wahusika wale walichukuliwa na wachoraji wengine na watu wakaendelea kununua. Waliomlilia walimlilia, na toleo lililofuata walilinunua.

Mwalimu, kama walimu wa historia wote, analeta takwimu.

MWALIMU: Mnamlaumu mtoto kwa kukuta barabara tupu. Shonen Jump ilifika kilele mwishoni mwa 1994: nakala milioni 6.53 kwa toleo moja. Mwaka uliofuata hadithi yake ya Dragon Ball ikaisha, na jarida likaanza kushuka. Kufikia 2017 lilikuwa chini ya milioni mbili. Naruto aliingia sokoni watu bado wapo. Boruto aliingia watu wameshika simu.

FUNDI: Na Kimetsu no Yaiba je?

MWALIMU: Ndiyo nini hiyo?

FUNDI: Ilianza Februari 2016, jarida hilohilo, miezi mitatu kabla ya Boruto. Barabara ileile tupu. Iliisha Mei 2020, na hadi 2021 ilikuwa imepita nakala milioni 150.

MZEE: Shujaa wake nani?

FUNDI: Mvulana anayeuza mkaa. Siku moja anarudi nyumbani anakuta familia imeuawa, amebaki dada yake tu.

MZEE: Mmesikia? Muuza mkaa! Mimi nimesema njaa, mkaniletea suti ya Willy Gamba.

Mzee ana haki ya kushangilia. Ila Mama amesikia kitu kingine katika maelezo ya Fundi, na kuanzia hapa mjadala unakuwa wake.

MAMA: Ngoja. Hii ya muuza mkaa ilitoka mara ngapi?

FUNDI: Kila wiki. Sura 205 kwa miaka minne na kidogo.

MAMA: Na ya baba, Naruto?

FUNDI: Kila wiki.

MAMA: Na ya mtoto?

FUNDI: Mara moja kwa mwezi. Hata ilipokuwa ndani ya Shonen Jump, jarida la kila wiki, yenyewe ilitoka mara moja kwa mwezi. Julai 2019 ikahamishiwa V Jump, jarida la kila mwezi.

MAMA: Kwa hiyo katika miaka ileile minne ya muuza mkaa, mtoto wa Naruto alitoa sura ngapi?

FUNDI: Hazikufika hamsini.

MAMA: Na mnakaa hapa mnazungumza njaa na mkono. Mimi nikiuza mandazi kila alfajiri kwa miaka kumi na tano, watu hawaji kwa sababu wameonja ya wengine yote wakayachagua yangu. Wanakuja kwa sababu miguu yao imezoea. Halafu niseme kuanzia kesho nitapika Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na anayepika ni binti yangu. Wa kwanza watakuja, kwa heshima. Mwezi wa tatu miguu imeshapata njia nyingine. Hapo hata yawe matamu kuliko yangu, nani atajua?

FUNDI: Kuna hadithi nyingine ya Kijapani, Shingeki no Kyojin, ilitoka mara moja kwa mwezi tangu 2009 hadi 2021. Vitabu 34, zaidi ya nakala milioni 100. Mwezi haukuizuia.

MAMA: Ilikuwa na baba aliyetoka kila wiki?

FUNDI: Hapana.

MAMA: Basi wateja wake walizoezwa mwezi tangu siku ya kwanza. Sikusema mwezi ni mbaya. Nimesema usimzoeze mtu wiki, ukamrithisha kwa mtu wa mwezi.

Hapa niseme wazi kwamba niko upande wa Mama, na si kwa sababu yeye ndiye anayeshika pesa. Wasomaji wa Kiswahili tunaijua nguvu hii kuliko tunavyokiri. Magazeti ya Dar es Salaam yaliyobeba hadithi za mfululizo, zikiwemo za Eric Shigongo, yaliwafunga wasomaji wengi kwa ahadi ya toleo lijalo. Mtu alinunua gazeti, akafungua ukurasa wa hadithi kwanza, habari za nchi baadaye. Hadithi nyingine hazikuwa nzuri hata kidogo. Zilikuwa Jumanne. Hadithi inayosomwa kwa mafungu huuza miadi, na anayerithi hadithi bila kurithi siku yake amerithi jina la baba bila nyumba.

Lakini kuna jambo Mama halijui kwa sababu halijampata. Fundi limempata.

FUNDI: Tena walikuwa na tamthilia ya katuni kwenye televisheni. Ilianza Aprili 2017, kila wiki, ikafika vipindi 293 hadi Machi 2023. Kwa kuwa sura za kitabu zilikuwa chache, walitunga visa vyao wenyewe vya kujazia.

MAMA: Yaani kitabu kinasubirisha, na jirani anagawa bure cha kupunguzia hamu.

FUNDI: Ndiyo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuchoka. Halafu Februari 2021 ikatoka sura ya 55. Yule mbweha, aliyekuwa tumboni tangu mwanzo, akafa. Nikasema hapa sitoki tena, nangoja Machi.

MWALIMU: Machi 2021.

FUNDI: Machi 2021. Tarehe 24 waasi wakaingia Palma. Mtandao ukakatika, nikakimbilia Quitunda na maelfu ya wengine, kisha Pemba ya hapa Cabo Delgado. Simu ilibaki njiani. Nilipopata nyingine na kredito ya kununulia megas za mtandao, miezi ilikuwa imepita. Shueisha, mchapishaji mwenyewe, ana programu inayoitwa Manga Plus tangu Januari 2019. Wakati ule ulikuwa unasoma sura tatu za kwanza na tatu za mwisho bure, Kireno kilikuwepo pia. Nikafungua. Za mwisho ziko wazi, za katikati zimefungwa. Nikaona watu wanapigana sijui kwa nini.

MAMA: Ukaacha.

FUNDI: Nikaacha. Unajua nilichofanya Pemba? Kijana mmoja tuliyelala naye nyumba moja alikuwa na Naruto yote kwenye kadi. Vitabu 72, hakuna pengo. Nikaanza sura ya kwanza. Tulikuwa tunasoma watatu kwenye kioo kimoja. Wadogo walikuwa hawajawahi kumsoma, na mpaka leo Boruto hawamtaki. Wanasema mbona huyu wa kwanza amekamilika?

Hili sikulitegemea litoke kwa Fundi, nami nadhani linaijaza hoja ya Mama pale ilipopungua. Mazoea yaliyovunjika yanaeleza kwa nini msomaji wa zamani aliondoka. Hayaelezi kwa nini msomaji mpya, ambaye hakuwahi kuzoezwa wiki wala mwezi, anampita Boruto na kwenda kwa baba. Mshindani mkubwa wa mwendelezo hatoki kampuni nyingine. Ni kitabu cha kwanza, kilichokwisha, kisichochelewa, kisichoweza kuharibika tena, na kinachouzwa kwenye rafu ileile kwa bei ileile. Mchapishaji hapotezi chochote msomaji akimnunua baba, na huenda ndiyo sababu hakuwa na haraka ya kumpeleka Boruto kwenye wiki. Zamani jarida lililopita lilifungiwa samaki, na aliyetaka hadithi alilazimika kuifuata ilipo sasa. Sasa vya jana na vya leo vimekaa kioo kimoja, na cha jana kimeshapimwa na dunia nzima.

MWALIMU: Sasa niulize la adabu. Wewe hapo kibandani unamnakilia mtu kadi kwa meticais ngapi?

FUNDI: Inategemea kadi.

MWALIMU: Na Kishimoto anapata ngapi?

FUNDI: Mwalimu, akileta kitabu Palma nitakinunua. Nionyeshe duka.

MWALIMU: Sijasema lipo. Nasema tunahukumu mauzo ya mtu na sisi hatumo kwenye hesabu.

MZEE: Huo ndio uzuri wa kukaa mbali. Unahukumu bila kulipa.

MWALIMU: Na vya kwetu je? João Paulo Borges Coelho, kabla hajawa mwandishi wa riwaya, alichora historia yetu. Akapwitchi Akaporo, kuhusu silaha na watumwa, 1981. Kisha No Tempo do Farelahi, 1984, kuhusu Farelahi wa Angoche aliyewasumbua Wareno. Vyote vilitolewa na Instituto Nacional do Livro e do Disco, katika miaka ambayo nchi ilikuwa vitani. Baadaye akaenda kwenye riwaya, na mwaka 2009 akapata tuzo ya Leya. Darasani kwangu hakuna mtoto aliyewahi kukishika hata kimoja. Boruto analalamikiwa kwa kuuza mamilioni machache. Farelahi hakupewa hata nafasi ya kulalamikiwa.

FUNDI: Farelahi alikuwa nani hasa?

MWALIMU: Huoni?

MAMA: Usimlaumu. Chora wewe.

MWALIMU: Mimi?

MAMA: Una wanafunzi wanaochora nyuma ya madaftari. Ukurasa mmoja, fotokopi, mbele na nyuma. Si lazima awe Farelahi wa kitabu kile, historia si mali ya mtu. Mimi nitaweka mezani kwangu, karibu na sabuni.

MWALIMU: Naweza kujaribu. Nikipata nafasi.

MAMA: Basi sitaki.

FUNDI: Anamaanisha siku, mwalimu. Taja siku.

MWALIMU: Ijumaa?

MAMA: Ijumaa hii, na ijayo, na ya baada ya hiyo. Mtihani ukiingia, Ijumaa. Mvua ikinyesha, Ijumaa. Siku moja ukiniambia karatasi zimekwisha, nafasi yako naiwekea viberiti.

MZEE: Na huyo Farelahi, mwisho wake alipewa meza?

MWALIMU: Hapana, Mzee. Wareno walimkamata, wakampeleka mbali.

MZEE: Niwekee nakala.